Laptopu giza baada ya haibaneti: usikimbilie kununua kioo

Ndugu, umesema uliilaza laptopu kwa haibaneti (kuizima huku kazi ulizofungua zikihifadhiwa kwenye diski) ofisini Upper Hill, Nairobi, ikiwa imeunganishwa na monita, ukachomoa kebo ya HDMI ukaenda nayo Kasarani. Sasa taa inawaka, feni inazunguka, kioo giza. Umezima na kuwasha mara tatu, bado.

Kama kuna kazi hukuihifadhi, chomeka HDMI kwenye TV ya sebuleni kwanza. Picha ikitokea huko, hifadhi kazi, bonyeza vitufe vya Windows na P kwa pamoja, uchague chaguo la kwanza kabisa, la skrini ya kompyuta pekee. Mara nyingi shida inaishia hapo.

Huna TV? Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya picha (programu inayoendesha skrini) itaanza upya, na kwa kawaida utasikia mlio mfupi. Kukibaki giza, shikilia Windows, gonga P mara mbili, achia, kisha Enter. Ngoja sekunde 5, rudia hadi mara nne.

Sababu ni hii: haibaneti inaandika yote yaliyo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) katika faili la hiberfil.sys, pamoja na hali ya draiva iliyokuwa ikitumia monita. Ikiamka, draiva inaweza kuendelea kupeleka picha kwenye tundu lisilo na kitu. Kuzima kwako hakukusaidia kwa sababu Windows 10 na 11, Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, hulaza kiini cha mfumo kwa njia hiyohiyo unapozima. Restart ndiyo inayosafisha kweli. Kama huoni chochote, shikilia kitufe cha kuwasha hadi taa zizime (sekunde 10 hivi), halafu washa. Ambacho hakijahifadhiwa kitapotea.

Hapo tazama kwa makini sekunde za mwanzo, HDMI ikiwa imechomolewa. Nembo ya kampuni ikionekana kisha giza likaingia Windows inapopakia, kioo na kebo yake ni vizima, na fundi wa mtaa wa Luthuli akikuambia ubadilishe kioo, kataa. Nembo isipoonekana, zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Angalia pia usiwe umeiweka laptopu yako juu ya laptopu nyingine: sensa ya kifuniko hufanya kazi kwa sumaku, na sumaku ya chini huidanganya kwamba umefunga.

Madirisha yaliyopotea nje ya skrini ni jambo dogo: bonyeza Alt na Tab kuchagua dirisha, kisha Windows na mshale wa kushoto.

Ikijirudia, weka draiva ya picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli yako hasa. Isiposaidia, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off. Haibaneti na Fast Startup vyote vitazimika, kwa hiyo hifadhi kazi kabla ya kuzima. Ukitaka kubaki na haibaneti, kila jioni rudisha picha kwenye kioo cha laptopu kwa Windows na P, chomoa HDMI, ndipo uilaze.