Ukisimamia Katazo la Sigara Kazini, Anza na Ngazi za Dharura

Bango la kukataza sigara hubandikwa ukutani siku moja, na baada ya wiki chache hakuna anayeliona tena. Kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya utawala katika majengo ya ofisi jijini Nairobi, nimeshuhudia katazo likiheshimiwa katika jengo moja na kupuuzwa katika jengo lililo ng'ambo ya barabara, ingawa sheria ni ile ile na bango ni lile lile. Kinacholeta tofauti, kwa jinsi nilivyoona, ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kulisimamia katazo hilo, na iwapo mvutaji ameonyeshwa mahali pa kwenda. Nawaandikia hasa wenzangu waliotwikwa jukumu hili juu ya mengine mengi, baina ya kuagiza karatasi za printa na kumfuatilia fundi wa lifti.

Sheria yenyewe ijue vizuri, kwa sababu utaulizwa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma na mahali pa kazi, isipokuwa katika sehemu maalum iliyotengwa kwa ajili hiyo. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili. Habari ya faini inajulikana na wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba sheria hiyo inamwekea wajibu mwenye jengo au meneja pia, na hapo ndipo penye nguvu yako. Usiitumie faini kuwatisha wafanyakazi wenzako, maana utajijengea uadui bila faida. Itumie unapopeleka waraka wako kwa mkurugenzi, ili autie sahihi yeye mwenyewe na utoke kwa jina lake badala ya jina lako.

Sahihi hiyo si urasimu mtupu. Katika ofisi nyingi kazi ya kumwambia mtu azime sigara huachiwa askari wa mlangoni au mhudumu wa chai, yaani watu wenye mshahara mdogo kuliko wote na ambao mkataba wao unaweza kukatizwa kwa simu moja. Askari wa kampuni ya ulinzi hawezi kumzuia meneja wa mauzo anayeshuka huku amewasha sigara tangu ghorofa ya pili. Atamfungulia mlango na kumsalimu. Kwa hiyo waraka utaje wazi kwamba anayewajibika ni mkuu wa kila idara, na kwamba askari au mhudumu akiona uvutaji atatoa taarifa tu, bila kutakiwa kubishana na mtu. Mpe pia maneno ya kusema mbele ya mgeni, kwa kuwa mgeni haujui utaratibu wenu: "Samahani mzee, hapa ndani hawavuti, lakini kuna mahali kule nyuma, nikuonyeshe?" Nimeona sentensi hiyo ikifanya kazi hata kwa watu wenye hasira, kwa sababu inamwachia heshima yake na inampa pa kuelekea.

Baada ya waraka, zungukia jengo. Anza na ngazi za dharura, kisha vyoo vya wanaume, kisha paa, kisha sehemu ya kuegesha magari chini ya jengo. Ushauri bora niliowahi kupewa kuhusu jambo hili niliupata kwa mama mmoja wa usafi aliyeniambia, "Madam, ukitaka kujua wanavutia wapi, usiwaulize wao. Niulize mimi ninayefagia." Alinipeleka hadi kwenye kipandio cha ngazi za dharura baina ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mlango mzito wa kuzuia moto ulikuwa umewekewa kipande cha boksi kilichokunjwa ili usijifunge, na nyuma yake palikuwa na kopo la Kimbo lililojaa majivu na vipande vya sigara, na kiti cha plastiki kisicho na mgongo. Yaani palikuwa na baraza kamili, na vikao vyake.

Pale pana makosa mawili yaliyoungana. La kwanza ni moshi: ngazi zilizofungwa pande zote huupandisha juu kama bomba la jiko, na wafanyakazi wa ghorofa ya sita, ambao hawajui hata kopo hilo liko wapi, ndio wanaolalamika harufu. La pili ni kwamba mlango wa kuzuia moto ukiachwa wazi, siku ya moto zile ngazi ambazo watu wote wanazitegemea ndizo zitakazojaa moshi kwanza. Ukieleza jambo hili la pili kikaoni, hata wale wanaoona habari ya sigara kuwa ni kelele za watu wa afya husikiliza. Liondoe kopo. Palipo na chombo cha majivu, kila mtu huelewa kwamba pameruhusiwa, hata kama bango limebandikwa juu yake.

Utapendekezewa chumba cha kuvutia sigara. Sheria yetu inakiruhusu, mradi kitengwe na kiwe na njia yake ya kutolea hewa, na fundi atakuletea bei ya kioo na feni kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nimekipinga kila mahali nilipopata nafasi ya kutoa maoni. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, na miongozo ya Ibara ya 8 ya mkataba huo, iliyopitishwa mwaka 2007, inasema bayana kwamba feni, vichujio vya hewa na vyumba vya kuvutia havimkingi asiyevuta. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani; nyingine ni chembe ndogo mno zinazopita kila mlango unapofunguliwa. Isitoshe, chumba hicho lazima kifagiliwe, na anayekifagia ni yule yule mama aliyenionyesha kopo, ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa sigara za wengine huua watu zaidi ya milioni moja wasiovuta kila mwaka.

Badala ya chumba, tafuta mahali pa nje. Pawe mbali na mlango mkuu, mbali na madirisha, mbali na mashine za viyoyozi zinazovuta hewa ya kuingiza ndani, na mbali na genereta na mafuta yake. Paezekwe mabati, maana mvua za Aprili zikianza, mvutaji asiye na paa hurudi kwenye ngazi. Weka pipa la chuma lenye mchanga. Pasiwe pazuri kupita kiasi, maana nimeona ofisi iliyoweka benchi na maua, na baada ya muda mfupi hata wasiovuta wakawa wanafanyia mikutano yao huko ndani ya moshi.

Kisha kuna suala la muda, ambalo wasimamizi wengi hulikwepa. Nikotini mwilini hupungua hadi nusu katika muda wa saa mbili hivi, na mtu aliyevuta saa moja na nusu asubuhi, ukimfungia kikaoni hadi saa saba mchana, atakuwa mkali na asiyeweza kutulia. Mkubaliane kuhusu mapumziko yanayojulikana, na wasiovuta wapewe dakika hizo hizo. Bila hivyo utasikia manung'uniko kwamba wavutaji wanafanya kazi kidogo kwa mshahara ule ule, na manung'uniko hayo yana haki.

Wapo watakaotumia nafasi hii kuacha, na wasikose msaada. Vibandiko na jojo za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwenye bima ya kazini aulize iwapo inazilipia. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192, kwa anayetaka kuzungumza na mshauri. Bandika namba hiyo kwenye pipa la nje, mahali inapoweza kusomwa na mtu aliyeshika sigara mkononi. Kwenye ubao wa matangazo itafunikwa na tangazo la harambee.

Kama jengo lenu lina mkahawa au baa chini, mwenye biashara atakuambia kwamba wateja watahama. Hofu hiyo ilikuwepo Ireland kabla ya nchi hiyo kuwa ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi, pamoja na baa, tarehe 29 Machi 2004. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipokusanya tafiti na kutoa tathmini yake mwaka 2009, lilihitimisha kwamba makatazo ya namna hii hayapunguzi biashara ya mikahawa na baa. Mwonyeshe mpangaji hilo, kisha mwambie jambo rahisi zaidi: wateja wake wa saa saba mchana ni watu wa ofisini wanaorudi kazini na nguo zile zile.

Jambo la mwisho ni la kimaandishi. Andika katika waraka, na katika mikataba ya wapangaji inapohuishwa, kwamba katazo linahusu pia sigara za kielektroniki na magari ya kampuni. Usipoyataja haya mawili, mtu atakaa kwenye gari la kampuni huku kioo kimefunguliwa kidogo, atoe mvuke wenye harufu ya embe, akuambie kwamba waraka haukusema kitu, na atakuwa amesema kweli.