Maiti si turubai

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: filamu za kipelelezi ambamo muuaji wa mfululizo hupanga miili ya watu aliowaua kana kwamba anachora picha, je, hiyo ni sanaa au ni ukatili uliopakwa rangi? Mliomba mistari michache. Naomba mnivumilie nikizidisha, maana kazi yangu ni kufundisha kuchora umbo la binadamu, na jambo hili limenikaa kooni tangu usiku mmoja nilipokuwa mbele ya runinga na mdogo wangu.

Filamu yenyewe sitaitaja, kwa sababu za aina yake ni nyingi na zinafanana: mvua, mpelelezi asiyepata usingizi, mlango unaofunguliwa polepole. Ndani ya chumba, mwanamke alikuwa ameninginizwa kwa kamba nyembamba, mikono imetandazwa, shuka jeupe limekunjwa chini yake kama linavyokunjwa kwenye picha za makanisa ya kale, na mwanga wa dirishani ukimwangukia upande mmoja wa uso. Mdogo wangu akasema, "Dada, hapo wamepanga vizuri." Nami nikamjibu, bila hata kufikiri, kwamba ule mwanga umetoka upande unaotakiwa. Ndipo tukanyamaza wote wawili. Tulikuwa tumemkodolea macho mtu aliyeuawa kwa karibu dakika nzima, na hakuna kati yetu aliyesema "maskini".

Nikiwauliza watu wanaozichukia filamu hizi, wengi hutaja giza na damu. Mimi damu siyo inayonitoa kwenye kiti. Artemisia Gentileschi alimchora Judith, yule mjane wa kisa cha kale cha Kiyahudi, akimkata shingo jemadari Holofernes, damu inachuruzika mpaka kwenye godoro, na picha hiyo ipo kwenye jumba la sanaa la Uffizi, Florence, watu wanapanga foleni. Sijawahi kumwambia mwanafunzi ayafumbe macho mbele yake. Ninachouliza ni hiki: kamera imesimama wapi, na macho tunayoazimwa kwa saa mbili ni ya nani?

Kuna picha inayolieleza jambo hili vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Ni ya Hans Holbein, ya mwaka 1533, Mabalozi, na iko National Gallery, London. Ni kubwa, mita mbili na ushee kila upande. Wanaume wawili waliovaa manyoya na hariri wameegemea meza ya rafu mbili iliyojaa tufe za nyota na za dunia, vyombo vya kupimia saa kwa jua, vitabu, na ala ya nyuzi iliyo jamaa ya udi, uzi wake mmoja umekatika. Chini, karibu na miguu yao, limelala mshazari doa refu la kijivu. Ukisimama mbele ya picha huelewi ni nini. Unaweza kudhani mchoraji alikosea. Sasa sogea kulia, karibu kabisa na ukuta, uitazame kwa ubavu. Doa linajikusanya na kuwa fuvu la kichwa. Na wakati huohuo mabalozi na fahari yao yote wanapindika, hawasomeki tena. Huwezi kuwapata wao na fuvu kwa mtazamo mmoja. Holbein anakulazimisha uchague mahali pa kusimama.

Mbinu hiyo huitwa anamofosi, na ndiyo iliyoipa jina filamu ya Anamorph ya mwaka 2007. Humo Willem Dafoe anaigiza mpelelezi wa New York anayeandamwa na kesi ya zamani, huku muuaji akipanga miili ya watu kwa namna ambayo picha iliyofichwa haionekani mpaka usimame palepale alipotaka yeye. Nimewasikia wanaosema filamu hiyo ni nzito, inajikokota, na mpelelezi wake amejifunga kama kobe. Kuhusu kujikokota mimi niko upande wa filamu. Kutazama kunataka muda. Wanafunzi wangu hukaa na mkono mmoja wa mtu kwa nusu saa na bado wanaukosea. Ila nilipomaliza kuitazama niligundua nakumbuka mbinu kuliko watu. Ile hatua ya Holbein ya kusogea pembeni ilikuwa mikononi mwa filamu, tayari kabisa, nayo ikaitumia kutupeleka kwenye kiti cha muuaji. Mpelelezi anahangaika kupatafuta mahali pale pamoja, akipapata, sisi tunapumua. Tunapumua kwa sababu fumbo limefumbuliwa, na aliyekufa anabaki kuwa wino ulioandikia fumbo hilo.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1827 mwandishi Mwingereza Thomas De Quincey aliandika insha kuhusu chama cha mabwana wanaokutana kuhakiki mauaji kama wanavyohakiki picha na sanamu. Aliandika kwa kejeli. Filamu nyingi za leo zinasema vilevile na zinamaanisha.

Nina zoezi ninalowapa wanafunzi kila mwaka. Mnamo Septemba 1907 mwanamke kijana aitwaye Emily Dimmock aliuawa katika mtaa wa Camden Town, London. Mtu mmoja alishtakiwa, akaachiwa huru. Mchoraji Walter Sickert akachora mfululizo wa picha zilizobeba jina la mauaji yale. Katika mojawapo, mwanamke amelala uchi kitandani, uso ameugeuzia mbali, na mwanamume ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa ameinamisha, mikono ameifumbata. Hakuna tone la damu. Ninawaambia darasa: picha inaitwa Mauaji ya Camden Town. Chumba kinapoa. Wanauona mkono wa yule mwanamume kuwa wa mnyongaji, wanaona mgongo wa mwenye hatia. Kisha nawaambia kwamba picha hiyohiyo ina jina la pili ambalo Sickert alilitumia: Tutafanyaje kuhusu kodi? Na mbele ya macho yao yule muuaji anageuka mume aliyeishiwa, na yule maiti anageuka mke aliyechoka, amelala. Msichana mmoja aliwahi kuniambia, karibu alie, "Mwalimu, nilimuua mimi." Sijapata mtu aliyeelewa picha ile kuliko yeye.

Kwa hiyo wanaosema "ni filamu tu, waigizaji wataosha rangi waende nyumbani" siwakubalii sana. Najua rangi huoshwa. Ninachojali ni mazoezi ambayo jicho langu limefanya wakati ninatazama.

Na zipo zinazolifanyisha jicho mazoezi mengine. The Silence of the Lambs, ya 1991, iliyoongozwa na Jonathan Demme na kubeba Oscar tano kubwa, watu huikumbuka kwa sababu ya Hannibal Lecter, yule daktari mla watu, na ule utulivu wake wa kutisha. Mimi naikumbuka kwa mama. Binti yake ametekwa, naye anasimama mbele ya kamera za runinga kumwomba mtekaji, akilirudia jina la mtoto: Catherine, Catherine. Wanafunzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wanaotazama wanaelewa anachofanya. Muuaji akimwona Catherine kuwa mtu na siyo kitu, mkono wake utakuwa mzito. Na baadaye, mmoja wao, Clarice Starling, anayemsaka mtekaji huyo, anapokwama, hapewi jibu na ustadi wa muuaji. Anakwenda chumbani kwa mmoja wa wasichana waliouawa, anafungua kisanduku chake cha muziki, anagusa vitu vyake, anatazama gauni lake kabatini, na mishono ya gauni ndiyo inayomfumbua macho. Amesogea pembeni, amemwona marehemu, kesi imefunguka. Hiyo ndiyo filamu ninayoweza kumwonyesha mtu yeyote wa makamo bila kuona haya.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa wengine. Se7en, ya David Fincher, ina giza kuliko karibu zote, na muuaji wake anajiona msanii na mhubiri kwa pamoja. Lakini mauaji mengi hatuyaoni yakitendeka, na katika lile sanduku la mwisho mpelelezi anachungulia, sisi hatuonyeshwi kilichomo. Nimekutana na watu wanaoapa kwamba walionyeshwa. Hapo mwongozaji alikuwa na heshima, hata kama watu hawakumshukuru.

Kinachoniumiza kama mtu wa kazi hii ni pale filamu inapomwita muuaji msanii, tena kwa sauti ya kusifu. Wale wanaokaa tukawachora darasani ni watu hai. Wakichoka wanasema, tunaacha. Wanashuka, wanajifunika, wanakunywa maji, wanazunguka kutazama tulichofanya, na mara nyingi wanalalamika. "Pua yangu haiko hivyo." Mimi naipenda sana dakika hiyo ya malalamiko, maana mchoro unalazimika kujibu kwa mwenye uso. Yule wa kwenye filamu hana wa kumlalamikia. Hata lugha yetu inajua tofauti: mbele ya wafiwa hatusemi maiti, tunasema marehemu, aliyerehemiwa. Nikiitazama filamu ya aina hii siku hizi, nasikiliza ni lipi kati ya maneno hayo mawili ingelistahili kama ingekuwa inazungumza Kiswahili.

Siku ya pili baada ya usiku ule, mdogo wangu alinipigia simu kabla sijaamka vizuri. Hakusalimu. "Dada, yule mwanamke wa kwanza aliitwa nani?" Sikukumbuka. Jioni akaja, tukairudisha filamu nyuma. Jina limo, mara moja, mpelelezi analitamka akifungua mlango wa gari, na king'ora kinalimeza. Tulirudia mara tatu, sauti juu kabisa, ndipo tukalisikia.