Paipu Ikishakatwa Hairudi

Msomaji wa Likoni ameandika: injini ya ndege yake ya mfano inanguruma safi ikiwa chini, lakini ndege ikishapaa sauti inapanda, inakauka, halafu kimya. Amebadilisha plagi tatu. Ndugu yangu, plagi hazina kosa. Paipu, yaani bomba la ekzosi, umeikata fupi mno kwa propela hiyo, na sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, umeipanga ndege ikiwa chini ilhali kazi iko angani.

Tundu la ekzosi likifunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani ya paipu, linagonga koni inayobana, pale paipu inapozidi kuwa nyembamba, na kurudi, likiusukuma mchanganyiko uliokuwa ukitoroka uingie tena silindani kabla tundu halijafungika. Paipu fupi huwahi kurudisha wimbi, kwa hiyo inataka mizunguko mingi. Chini injini haifikishi. Angani propela inapata wepesi, mizunguko inaongezeka kama asilimia 10, paipu inashika ghafla, maana wimbi sasa linarudi kwa wakati wake, injini inadai mafuta zaidi na sindano haitoi. Inapata joto, inakatika. Ukiendelea hivyo, pistoni itafuata plagi.

Hesabu ya kuanzia: nyuzi za mzunguko wa shafti ambazo tundu linakaa wazi, mara 43,180, gawanya kwa mizunguko ya angani kwa dakika. Nyuzi 150 na mizunguko 15,000 zinakupa milimita 432, kutoka uso wa pistoni hadi katikati ya koni inayobana. Nyuzi usizibahatishe: funga duara la karatasi lenye nyuzi 360 kwenye shafti, zungusha polepole, soma tundu linapofunguka na linapofungika. Namba 43,180 ni ya moshi wa petroli. Moshi wa methanoli, mafuta ya injini zetu hizi, una joto pungufu na wimbi lake huenda polepole kidogo, hivyo urefu halisi utakuwa mfupi kuliko jibu. Ni heri, maana unaanza na paipu ndefu.

Kata shingo inayotoka kwenye injini, wala usiguse koni. Milimita 3 kwa mara, si zaidi. Piga tupa, osha unga wa alumini wote, panga sindano upya, pima mizunguko kwa takometa, propela ile ile na mafuta yale yale. Kisha rusha. Watu wengi wanaruka hatua hii ya kurusha, wanakata mara nne mfululizo mezani. Mizunguko ikiacha kupanda, au sindano ikawa kali kiasi kwamba mguso mdogo unaizima injini, umepita: rudisha milimita 5.

Kurudisha ni kuweka pete ya alumini yenye kipenyo kile kile cha ndani, kisha mpira wa silikoni juu yake. Nafasi kwenye maungio isizidi milimita 1, la sivyo moshi utautoboa mpira. Kama huna pete leo, jaribu propela yenye pichi (mwendo wa mbele kwa kila mzunguko) ndogo kwa inchi moja ili paipu ishike ungali chini, mradi usivuke mizunguko anayoruhusu mtengenezaji.

Halafu funga dumu la mafuta. Methanoli hunywa unyevu, na hewa yetu ya pwani haina uhaba wa huo. Mafuta yaliyolala wazi yatakufanya uilaumu paipu bure.