Kaaba, Nabii Ibrahim na ushahidi wa wanahistoria

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mwanangu anasoma chuo kikuu, na likizo hii amerudi na maneno yanayoninyima usingizi. Anasema hakuna kitabu cha kabla ya Uislamu kinachoitaja Makka waziwazi, na kwamba Waislamu wa mwanzo walikuwa wakielekea Petra, kule Jordan. Mimi nilisomeshwa na maalimu wetu Tanga kuwa Kaaba ilijengwa na Malaika, kisha Nabii Adam, ikapaishwa mbinguni wakati wa gharika, ndipo Nabii Ibrahim akaijenga upya. Nilipomwambia hivyo akaniuliza, "Ushahidi uko wapi, mama?" Nikakosa la kusema. Nimjibu nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, usimkasirikie kijana wako. Ameuliza swali ambalo wanazuoni wetu walilifanyia kazi karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya leo. Nami nitaanza na hicho ulichosomeshwa wewe, maana fundo liko hapo.

Tulichosikia utotoni kimechanganya vitu vitatu. Kuna yaliyomo ndani ya Qur'an, kuna yaliyothibiti katika hadithi sahihi, na kuna visa vilivyopokewa na wasimulizi, vingine vikitoka kwa Watu wa Kitabu. Qur'an inasema katika Surat Al-Baqara, aya ya 127, kwamba Ibrahim na Ismail waliinua misingi ya Nyumba. Katika Aal Imran, aya ya 96, inasema Nyumba ya kwanza kuwekewa watu ni ile ya Bakka, yaani Makka, na imepokewa kwa Sayyidna Ali kwamba nyumba nyingine zilikuwapo kabla yake, ila hii ndiyo ya kwanza kuwekwa kwa ajili ya ibada. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas kisa kirefu cha Bibi Hajar, Zamzam, na Ibrahim akimwonyesha mwanawe kilima ambapo ameamrishwa kujenga. Haya ndiyo tunayoyashika kwa mikono miwili.

Malaika, Adam na kupaishwa mbinguni haviko katika daraja hilo. Ibn Kathir, mfasiri mkubwa wa Qur'an ambaye hakuna anayemtilia shaka katika mapenzi yake kwa dini, aliichunguza riwaya ya Adam kuijenga Kaaba akaiona dhaifu. Akasema wazi kwamba hakuna habari sahihi kutoka kwa Mtume (S.A.W.) inayoonyesha kuwa Nyumba ilikuwa imejengwa kabla ya Ibrahim. Wako waliosema kwamba neno "kuinua misingi" linaashiria misingi iliyokuwapo tangu zamani, na rai hiyo ina heshima yake, lakini ni rai. Kwa hiyo mwanao anapotaka ushahidi wa Kaaba kupaishwa wakati wa gharika, mwambie ukweli: wanazuoni wetu nao waliutaka, na hawakuupata. Hapo imani yako haijapungua hata chembe.

Sasa tuje kwa wanahistoria. Ni kweli kwamba maandishi ya nje ni machache. Ptolemy, Mgiriki wa karne ya 2, ametaja mji wa Arabuni uitwao Macoraba, na masheikh wengi hukimbilia hapo. Mimi sikushauri uegemee hapo, kwa sababu wataalamu wa lugha wanagombania kama jina hilo kweli ni Makka. Kitabu cha nje kinachotajwa sana kuwa kimeitaja Makka ni cha Kilatini, kutoka Hispania, kinachohusishwa na mwaka 741. Lakini karibu na Taif kuna jiwe lililochorwa na Mwislamu kwa mkono wake, akiandika kwamba ameandika mwaka ule uliojengwa Masjid al-Haram, mwaka wa 78 Hijria (takriban 697 Miladia). Na kabla ya jiwe hilo ipo Qur'an yenyewe, inayolitaja bonde la Makka kwa jina katika Surat Al-Fat-h, aya ya 24. Wanahistoria wengi wasio Waislamu wanakubali kuwa Qur'an ni andiko la karne ya 7, na huo ni ushahidi wa kihistoria kama ushahidi mwingine.

Na kwa nini Wagiriki waandike habari zake? Mwaka 1987 mwanahistoria Patricia Crone aliibomoa ile picha ya Makka kama kitovu cha biashara ya ubani na viungo. Watu wetu wengi waliumia. Mimi nikisoma Qur'an naona Nabii Ibrahim akiomba, katika sura iliyopewa jina lake, aya ya 37: nimeweka kizazi changu katika bonde lisilo na mimea. Surat Quraysh inataja safari za kusi na kaskazi, yaani za baridi na za joto, bila kusema wamebeba nini. Mji mdogo katika bonde kame, wenye nyumba ya ibada na misafara, ndio mji tulioelezwa na Mola wetu. Utajiri wa kupindukia tuliuongeza sisi.

Kuhusu Petra, aliyelieneza dai hilo ni Dan Gibson wa Kanada, kwa kupima pande za misikiti ya kale. Kosa lake ni kudhani kwamba waliotangulia walipima kama tunavyopima kwa simu. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wa Madina kwamba baina ya mashariki na magharibi ni kibla, kama alivyopokea Tirmidhi. Misri walifuata mawio ya jua la kipupwe, na kuuita upande huo kibla cha Masahaba. Sisi wa pwani hii tumerahisishiwa, kwani Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka Mombasa au Tanga, na Petra imekengeuka nyuzi chache tu kuelekea magharibi. Msikiti wa kale uliopinda kidogo hauwezi kukwambia mjenzi wake alikusudia wapi.

Yuko atakayesema tupime mawe ya Kaaba. Hayo si mawe ya Ibrahim, wala hatujawahi kudai hivyo. Maquraysh waliijenga upya Mtume akiwa na miaka 35 hivi, mali ya halali ikawaishia, wakaacha nje Hijr, ile sehemu ya Kaaba iliyozungushiwa ukuta mfupi wa nusu duara. Akamwambia Bibi Aisha kwamba lau si watu wake kuwa karibu na ukafiri, angeibomoa na kuirudisha juu ya misingi ya Ibrahim. Ibn Zubayr, aliyekuwa akitawala Makka, aliifanya hivyo baada ya moto wa mwaka 64 Hijria, Hajjaj, jemadari aliyemshinda, akairudisha ilivyokuwa, na mwaka 1630 mafuriko yaliiangusha ikajengwa tena zama za Sultan Murad wa Nne. Yote hayo tumeyaandika wenyewe, hatukuficha.

Linabaki la Ibrahim (A.S.) mwenyewe. Hakuna jiwe wala karatasi ya zama zake inayomtaja, si Makka, si Hebron kule Palestina, si Uru kule Iraq. Mayahudi na Wakristo wako katika hali hiyo hiyo. Baba mmoja, mke na mtoto bondeni, hawaachi magofu ya kuchimbwa. Tunamjua kwa wahyi, na mwambie mwanao hivyo bila kuona haya. Asikuletee "sayansi imethibitisha" za mitandaoni kuhusu Makka kuwa kitovu cha dunia, nawe usimpelekee. Kaeni pamoja jioni moja, msome Surat Ibrahim kuanzia aya ya 35 hadi ya 41, kisha mwache aulize tena.

Wallahu aalam.