Kwa Wanaoanza Utafiti wa Saratani za Wanawake: Anzeni na Kopo la Fomalini

Vijana wanaojiunga nasi katika utafiti wa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi huja na hamu ya vinasaba na takwimu. Mimi huwapeleka kwanza chumba cha upasuaji, wakasimame kando ya meza lilipo kopo la fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona yalikwisha kutendeka kabla data haijafika kwenye kompyuta.

Miaka yangu ya mwanzo tulikuwa tukikusanya majibu ya vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, tukafurahi, tena kwa haraka mno, kuona kwamba vinyama vingi (vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa) kutoka hospitali moja vilikuwa hasi, yaani havikuonyesha vipokezi. Tayari tulikuwa tumeanza kuandika maelezo ya kisayansi ya jambo hilo. Mtaalamu wa patholojia aliomba slaidi azitazame upya, akatuonyesha kwamba hata mirija ya maziwa iliyo salama, pembeni ya uvimbe, haikuwa imeshika rangi ya kipimo, ilhali kwa kawaida baadhi ya seli zake huwa na vipokezi. Kipimo chenyewe ndicho kilichoshindwa. Tulipofuatilia tulikuta titi zima limeshindiliwa katika kopo dogo siku ya Ijumaa, bila kukatwa vipande, likakaa hivyo hadi Jumatatu. Fomalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo nje nyama ilikuwa imekakamaa na katikati imeoza.

Kinyama kiingie katika fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kukatwa, fomalini iwe nyingi angalau mara kumi ya kinyama, nacho kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Mwenye jibu hasi la uongo hukoseshwa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu cha wenye vipokezi hivyo, ambacho angekimeza kwa miaka 5 au zaidi. Andikeni pia muda wa kukata na muda wa kutia fomalini, na mkubaliane mapema saa ni zipi: muuguzi akiandika kwamba kinyama kilikatwa 4:20 kwa maana ya saa nne asubuhi, na karani akaingiza saa kumi alfajiri, mmeshaongeza saa sita ambazo hazikuwepo.

Jambo la pili ni dodoso. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na Tanzania ilianza kutoa chanjo yake nchi nzima mwaka 2018, lakini wanawake wengi mtakaowahoji walikwisha kuwa watu wazima wakati huo, na walichokisikia mwilini mwao wamekiita chango, jina la mtaani la maradhi ya tumbo na uzazi. Mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, anaweza kuwa ametumia dawa ya chango kwa miezi kadhaa kabla ya kufika kliniki. Msiligeuze neno hilo kuwa “maumivu ya nyonga” kwenye fomu. Liandikeni lilivyo, kwani ndilo linaloeleza alikuwa wapi muda wote huo. Mkiuliza tarehe, wengi hawatakuwa nayo, ila watakumbuka kwamba ilikuwa kabla ya mfungo, au msimu wa korosho ulipoanza, nanyi mtaipata tarehe kutoka hapo. Mahojiano haya hayafanyiki mbele ya mume wala mkwe.

Kuhusu vibali vya maadili sina mengi: ombeni mapema, na fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti na mtu asiyekuwa daktari, aseme ameelewa nini.

Wanaopotea katika ufuatiliaji hawafanani na wanaobaki, maana aghalabu ni wale wa mbali, waliokwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Mkiwaacha nje ya hesabu, matibabu yataonekana bora kuliko yalivyo. Chukueni namba tatu za simu, ya jirani ikiwemo. Ukipiga, ndugu akapokea na kusema mgonjwa amefariki, toa pole kwanza, nyamaza kidogo, ndipo uulize ilikuwa lini, na uiandike siku hiyo hata kama anachokumbuka ni kwamba ilikuwa Alhamisi ya wiki ya maulidi.