Je, Bendi Yangu Imebadilika, au Ni Masikio Yangu Yaliyochakaa?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimekuwa shabiki wa bendi moja kwa miaka 19, tangu nilipokuwa mwanafunzi, na albamu zake sita za kwanza ninazo zote. Ya saba, ambayo tuliingoja kwa miaka minne, niliifungua usiku uleule ilipotoka, nikaisikiliza hadi mwisho, kisha nikabaki kimya kama mtu aliyerudi safarini akakuta nyumba yao imepangishwa wageni. Ngoma zinagonga kama saa ya ukutani, gitaa la besi halisikiki, na sauti ya mwimbaji, iliyokuwa na mikwaruzo yake tuliyoizoea, imenyooshwa kama shati lililotoka kupigwa pasi. Kinachoniuma zaidi ni wimbo wa tano: kuelekea mwisho ala nyingine zinanyamaza, besi inabaki peke yake kwa muda mfupi, na hapo tu ndipo nilipowatambua. Wenzangu wananiambia nimezeeka. Je, kosa ni langu? Na je, ni utovu wa adabu kuwaandikia wanamuziki wenyewe?

JIBU: Ndugu yangu, pole. Suala la uzee tuliweke kando kwanza, kwa sababu karibu yote uliyoyataja yanahusu studio kuliko umri wako.

Hasa tangu miaka ya 1990 watayarishaji wamekuwa wakishindana kutoa rekodi zenye sauti kubwa, na njia yao ni kuzibana sehemu zenye kishindo, kisha kuupandisha wimbo mzima hadi minong'ono na makelele vikaribiane kimo. Matokeo yake ngoma, ambayo nguvu yake hutokana na utulivu unaoitangulia, hupoteza mshindo, na besi humezwa na vurugu iliyo juu yake. Mwaka 2008 mashabiki wa bendi ya Metallica waliilalamikia albamu ya Death Magnetic kwa sababu hiyohiyo, na maelfu yao walitia saini ombi la kutaka ichanganywe upya, wakieleza kwamba nyimbo zilezile zilisikika safi zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero. Sidhani kama wote hao walikuwa wazee.

Kuhusu mwimbaji, programu ya kurekebisha sauti iitwayo Auto-Tune ilianza kuuzwa mwaka 1997, na siku hizi hutumiwa hata kwa waimbaji wasioihitaji. Siwezi kuapa kwamba imetumika hapa, ila mfano wako wa shati unanielekeza huko.

Fanya jaribio hili. Chukua wimbo mmoja wa zamani na mmoja mpya, upunguze sauti ya ule mpya hadi vimo vyao vilingane, kisha usikilize kwa hedifoni bila kufanya kazi nyingine. Sauti kubwa hulihadaa sikio mwanzoni na kulichosha baada ya nyimbo tatu nne, na huenda uchovu huo ndio ulioupa jina la huzuni. Ikiwa hata hapo wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi yake, haukugusi, basi shida iko kwenye utunzi, na hapo ningekuomba subira kidogo. Bendi ya Fleetwood Mac ilipotoa albamu ya Tusk mwaka 1979, miaka miwili baada ya albamu yao ya Rumours, wengi walishangazwa na mauzo yake yakawa madogo sana yakilinganishwa na ya iliyotangulia, lakini leo wapo wanaoihesabu miongoni mwa kazi zao bora. Sikuahidi kwamba itakuwa hivyo kwako. Mimi mwenyewe ninazo albamu mbili kabatini ambazo nimezipa nafasi hadi nikachoka, na bado ni mbaya.

Kuwaandikia si utovu wa adabu, mradi usiwaambie kwamba wamekusaliti, kwa kuwa hawakukuwekea ahadi ya kubaki kama walivyokuwa ulipokuwa shuleni. Malalamiko ya jumla, ya aina ya “zamani mlikuwa bora”, huwa hayamsaidii msanii hata kidogo. Anza na wimbo wa tano, taja dakika ambayo besi inabaki peke yake, na ueleze ulichokisikia hapo. Nina hakika mpiga besi ataisoma barua hiyo mara mbili, maana huenda naye alibishana sana studio ili kipande hicho kisikatwe.