Usiku 14 umelala, usiku 5 umehesabiwa: hakihesabiwi kitanda, inahesabiwa bei

Yaya (mkubwa wangu) uliyeuliza jana, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wengine wanaofika sasa: ndugu yetu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, anasema mwaka huu amelala usiku 14 katika hoteli za Marriott kule Zambia, akaunti yake ya Bonvoy (programu ya Marriott inayowapa wageni wake pointi na kuwapandisha daraja) inaonyesha usiku 5 tu, na anataka kujua nani kamwibia. Usiku 5 wa Lusaka aliubuku mwenyewe kwenye app ya hoteli. Usiku 4 wa Ndola aliupata kwenye tovuti ya kutafuta vyumba. Usiku 3 ulikuwa wa seminari, waandaaji walilipa. Na 2 ni wa chumba cha dereva wake, zile siku mbili za mwisho za Lusaka.

Hakuna aliyekuibia. Mimi nanunua vipuri vya pampu, na barabara ya kutoka mpakani Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola hadi Lusaka naijua kuliko njia ya kwenda kwa wakwe zangu. Karibu kila kosa kati ya hayo nililifanya kabla yako.

Nianze na lile la tovuti, kwa sababu ndilo lililoniuma. Mwaka 2023 nilikaa usiku 6 mfululizo kungoja mzigo uliokwama. Nilibuku kwenye tovuti kwa kuwa bei ilikuwa chini ya ile ya hoteli kwa dola 7 kwa usiku. Nikaonyesha namba yangu ya uanachama mapokezi, binti akaiandika vizuri kabisa, akatabasamu, nikalala na amani. Wiki mbili baadaye: sifuri. Nikaandika kulalamika, nikajibiwa kwa adabu kwamba bei niliyolipa haistahili. Niliokoa dola 42. Mwisho wa mwaka nilikuwa na usiku 21. Daraja la Gold la Bonvoy linataka 25. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nilishaifanya na sikulala vizuri siku hiyo.

Sababu yake si uchoyo mtupu. Pointi zako hazidondoki kutoka mbinguni: hoteli uliyolala ndiyo inayoilipa programu kwa ajili ya mwanachama aliyefika. Sasa chumba kikiuzwa na tovuti, hoteli imeshaikatia tovuti kamisheni yake. Haitaki kukatwa mara mbili kwa kitanda kimoja. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo programu hizi zote huuliza si "umelala wapi?" bali "nani alikuuzia chumba?" Ukibuku kwa app ya hoteli, kwa tovuti yake, kwa simu au hata ukiingia mapokezi na begi lako ukalipa bei ya kawaida, unahesabiwa. Bei maalumu ambayo kampuni yako imepatana na hoteli nayo kwa kawaida inahesabiwa. Tovuti ya watu wengine, hapana.

Seminari ni ndugu yake huyo huyo. Bili inapoenda yote kwa mwandaaji, vyumba 40 kwenye karatasi moja, wewe kwa macho ya programu hujalipa kitu. Hapa Lubumbashi nawajua watu wa miradi wanaolala hotelini kuliko rubani, na hawana hata daraja la Silver, ambalo ni usiku 10 tu kwa mwaka. Kama mwandaaji anakubali, omba ujilipie chumba chako kisha urudishiwe pesa kwa fakture (bili ya hoteli). Wengine hukubali, wengine hukuangalia kama umeomba figo.

Chumba cha dereva sasa. Hapa ndipo watu wengi huchanganya, kwa sababu kuna madaftari mawili. Daftari la kwanza ni la pointi, ambazo ni kama pesa: unazikusanya, unazitumia kulala bure. La pili ni la usiku, nalo ndilo linalokupandisha daraja. Bonvoy inakubali ulipie hadi vyumba 3 ukipata pointi za vyote, mradi wewe mwenyewe umelala kimoja. Lakini usiku unaandikiwa wa chumba chako tu. Mwili wako hauwezi kulala vyumba viwili, ndivyo wanavyoona, na sina la kubishana hapo. Kwa hiyo angalia vizuri daftari la pointi: za chumba cha dereva zinatakiwa ziwemo. Kama hazimo, hilo ndilo la kudai.

Kuzihesabu si kazi. Hoteli nyingi za Bonvoy hutoa pointi 10 kwa kila dola, kwacha zikishageuzwa kuwa dola. Kodi haihesabiwi. Chakula ulichoandikisha kwenye chumba kinahesabiwa. Mfano wangu: chumba dola 110 kabla ya kodi, usiku mbili, na dola 30 za nshima na samaki (ugali, sisi tunauita bukari, lakini kule ukisema bukari hawakuelewi): hiyo ni dola 250, pointi 2,500. Ukiwa Silver wanaongeza asilimia 10, ukiwa Gold asilimia 25. Ukija kutumia pointi zako kulala bure, usiku ule nao unaingia kwenye daftari la daraja, jambo ambalo wengi hawalijui na wanaogopa kuzitumia.

Usidhani programu zote ni sawa. Hilton huhesabu usiku, lakini pia mara ulizofikia, na siku zinazofuatana katika hoteli moja kwao ni mara moja tu. Kuna jamaa alidhani amegundua ujanja: anatoka asubuhi, analipa, jioni anaingia upya hoteli ile ile. Wapi! Sheria imeandikwa wazi, kutoka na kurudi hakubadilishi kitu. Accor, wenye jina la Pullman ambalo hapa kwetu tumelizoea pale Grand Karavia, wao wana njia mbili za kufika Silver: usiku 10 au pointi 2,000 za daraja. Kwa Pullman mwanachama mpya hupata pointi 25 kwa kila euro 10, yaani euro 800 zinakufikisha. Kwa mtu anayelala mara chache lakini chumba ghali, hiyo ndiyo njia. Pointi za zawadi, zile za kutumia, ni daftari jingine: 2,000 zinakupunguzia euro 40 kwenye bili, na ukizitumia daraja halishuki. Ila usizilaze: Accor ukipitisha siku 365 bila kupata pointi mpya zinafutwa. Bonvoy wanakuvumilia miezi 24.

Kuna jambo moja hukuliuliza ila litakukuta, maana wewe ni Mkongomani. Majina yetu. Mimi nilijiandikisha kwa jina la ubatizo na jina la ukoo. Pasi yangu inaanza na jina la ukoo, linafuata posnom (jina la pili la Kikongo), la ubatizo mwisho. Katika hoteli moja kijana wa mapokezi aliandika yale mawili ya mwanzo, ubatizo akauacha. Kompyuta ikaona mtu mwingine, usiku 3 ukapotea. Niliurudisha kwa sababu nilikuwa na fakture ya mwisho, ile ya kutokea, yenye bei ya kila usiku. Nilingoja siku kama kumi za kazi, nikajaza fomu ya malazi yaliyokosekana kwenye akaunti, nikaambatanisha picha ya fakture. Ulikuja. Tangu hapo jina kwenye akaunti nimelifananisha na pasi, neno kwa neno, na ninaipiga fakture picha kabla sijafika kwenye gari, maana ile karatasi ikifika Kasumbalesa imeshafungiwa karanga.

Yaya, usiku 4 wa Ndola na 3 wa seminari usahau. Tafuta fakture ya chumba cha dereva, ulinganishe na pointi zilizoingia tarehe hizo. Ukiona pengo, weka hapa tarakimu bila majina nami nitakuambia cha kuandika kwenye fomu.